Safu ya Mama

Malindi, Unguja
Jumatano, baada ya Alasiri

Mwanangu Zuwena,

Boti yako inaondoka kesho saa moja asubuhi. Begi lako liko ukumbini, na tangu adhuhuri mama yako amelifunga na kulifungua mara tatu. Habari za kuanika godoro, za kutolala madirisha wazi na za kutokula vya njiani keshakwambia yeye, nami sina la kuzidisha. Mimi nna jambo moja tu. Ulisema ukifika Dar es Salaam utakwenda kwa kadhi akuoze kwa Idrisa, kwa kuwa baba yako amekataa bila ya sababu ya sheria. Nnakuomba usende kabla ya kuisoma barua hii mpaka mwisho. Sababu ya sheria ipo. Nimeificha miaka kumi na tisa, na miezi mitatu hii nimekuacha uamini sababu nyengine, ambayo si yangu.

Unanijua. Siwezi kusema kitu mpaka nianze na siku kilipotokea. Nimelitoa sandukuni daftari la mwaka uliozaliwa, mwaka wa themanini na tano, lile la jalada la kijani lililoliwa na mende pembeni. Liko mbele yangu. Nivumilie, nitaanza na kondoo.

Mwaka ule nilikuwa karani wa mizani katika kituo cha mifugo mbele ya Bububu. Wewe ulikijua baadaye, kilipokuwa kimebaki mabanda matupu, lakini wakati ule kilikuwa na kondoo wengi na kazi nyingi. Kila mwanakondoo alipozaliwa nilimpima kabla jua halijapanda, nikamtia hereni ya namba sikioni, nikaandika: namba yake, baba yake, mama yake, uzito wake. Kisha nilimpima kila wiki mbili mpaka alipoachishwa ziwa. Alikuwapo dume mmoja aliyeletwa kutoka Bara, kichwa cheusi, mwili mweupe, shingo nene, na wakubwa walitaka kujua kama watoto wake watakua upesi kuliko wa madume yetu ya hapa.

Mimi kama watu wote niliamini kuwa jibu liko kwa dume. Nikipima, nikitafuta damu yake katika zile namba. Baada ya msimu mmoja nikaanza kuona kitu. Watoto wa dume yule yule walitofautiana kama hawakuwa wa baba mmoja. Aliyezaliwa na jike aliyekwisha kuzaa mara tatu au nne alikuja mzito. Aliyezaliwa na jike wa uzazi wa kwanza alikuja mdogo, na akabaki mdogo wiki zote. Mapacha waligawana. Jike aliyekosa majani mazuri mwezi wa mwisho wa mimba, mtoto wake alisimama kwa tabu, na aliyekosa dang'a, yale maziwa mazito ya siku ya kwanza, mara nyingi hakusimama kabisa. Dume hakubadilika. Waliobadilika ni mama.

Nimeifungua siku hiyo hapa, ni Jumatatu, mwandiko wangu wa ujana, umelala upande: "Ukimpima mwanakondoo wa wiki sita, unampima mama yake. Damu ya baba ipo, lakini inangoja. Inaanza kusema baada ya mtoto kuachishwa ziwa na kula majani mwenyewe." Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeishia kidato cha nne, na nilijiona nimegundua jambo. Nikampelekea mkuu wetu wa kituo. Akalisoma, akanirudishia, akasema vitabu vimeshalisema hilo zamani, ila amefurahi kuwa karani wake anafikiri. Nilirudi kwenye mizani yangu nimefedheheka, lakini lile jambo halikuacha kuwa kweli.

Sasa kosa langu la kwanza. Mwanakondoo namba kumi na saba alizaliwa na jike ambaye chuchu yake moja imekufa. Alikuwa mtoto wa yule dume wa Bara. Siku ya pili alikuwa amejikunja, hana hata sauti. Banda la pili alikuwapo jike mkubwa, mwenye maziwa mengi, ambaye mtoto wake amezaliwa mfu usiku ule. Jike hamkubali mtoto asiye wake. Anamnusa, akikosa harufu yake anampiga kichwa. Basi nikamchuna yule mfu, nikamvisha ngozi yake namba kumi na saba kama koti, nikaifunga kwa kamba ya katani chini ya tumbo. Yule jike akamnusa. Akamnusa tena. Akasimama, akamwachia ziwa. Baada ya siku tatu nikaivua ngozi, na wala hakumkataa.

Nikaenda kuandika. Karatasi ilikuwa na safu moja tu ya mama. Nikamuuliza mkuu niandike yupi. Akasema, "Andika aliyemzaa. Karatasi haitaki hadithi." Nikaandika aliyemzaa. Nafasi pembeni ilikuwapo, Zuwena, ya vidole viwili, ningeweza kuandika kwa herufi ndogo. Sikuandika. Namba kumi na saba akakua kuliko wenzake wote. Wageni walipokuja akatolewa nje kuonyeshwa, huyu ndiye damu ya dume wa Bara, na mimi nimesimama pembeni nimeshika mizani, najua kwamba wanachokitazama ni maziwa ya jike aliyelala ndani ya banda, ambaye jina lake haliko popote.

Mwezi ule ule ulizaliwa wewe.

Ulizaliwa na kilo mbili na gramu mia tisa. Siku ya tatu mama yako alipata homa ya uzazi, na maziwa yaliyokuwa yameanza kutoka yakakatika. Ya kopo yalikuwa hayaonekani madukani. Ulikuwa ukilia, kisha ukaanza kutolia, na hilo ndilo lililonitia khofu, kwa kuwa nilikuwa nimeliona bandani. Nikaileta nyumbani mizani ya kutundika, nikaifunga kwenye boriti ya chumba, nikakupima ndani ya kanga ya mama yako. Siku ya tisa ulikuwa kilo mbili na nusu. Mama yako aliniona nnavyoandika, akageuza uso ukutani.

Chini, katika chumba cha uani, alikuwa akikaa Bi Mwajuma. Ulimjua kwa sura, nitakueleza wapi. Wazee wake walitoka Bara, mumewe alikuwa fundi wa paa, na yeye alikuwa akishona vitambaa vya meza. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi mitatu, mnene, ambaye tulikuwa tukimsikia akicheka mpaka juu. Huyo mtoto ni Idrisa.

Nilishuka nikamwambia mtoto wangu haongezeki. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yeye alikuwa na sindano mdomoni, akaitoa, akasema, "Nnamsikia siku ya tatu hii, Bwana Salum. Nilikuwa nangoja mseme nyinyi. Mlete."

Mama yako alikubali kwa sharti moja. Bibi yako, mama yake, alikuwa amekuja kumuuguza na kukaa naye arubaini, na bibi yako unamjua alivyokuwa, Mungu amrehemu. Alikuwa na ukoo wake anaouhesabu mpaka Hadhramauti, na kwake yeye watu wa chumba cha uani walikuwa ni watu wa chumba cha uani. Hakumtukana Bi Mwajuma hata siku moja. Alikuwa hamuoni tu. Mama yako akanambia, "Mama akijua, atasema nimeshindwa hata kunyonyesha, na mwanangu kanyonyeshwa na nani. Niapie hasikii mtu. Si yeye, si mtoto, si mtu." Alikuwa anatetemeka kwa homa. Nikaapa. Bi Mwajuma naye akaombwa anyamaze, akanyamaza mpaka kaburini.

Nilikupeleka mwenyewe, bibi yako akiwa amelala mchana au amekwenda kwa jamaa zake. Nimeyaandika yote. Jumamosi: "Z. chini. Kanyonya, kashiba." Jumapili hivyo hivyo. Jumanne, Jumatano. Hizo nne. Ijumaa: "Z. chini. Kanyonya kidogo, kalala." Wiki iliyofuata majike wengi walizaa kwa pamoja kituoni, nikawa natoka alfajiri na kurudi Magharibi. Nilipokupima tena ulikuwa umepanda. Wiki ya pili umepanda zaidi. Nimeandika, na nilipigia mstari: "Maziwa ya mama yake yamerudi, alhamdulillahi." Ulipotimiza wiki sita nilikutundika kwenye boriti, ukanitazama na mashavu yako mawili, nikamwambia mama yako kwamba mimi sikupimi wewe, nnampima yeye. Hakucheka. Nilidhani ni machovu.

Basi hii ndiyo sababu ya sheria. Wewe na Idrisa mmenyonya ziwa moja. Zikiwa ni mara tano za kushiba, yeye ni kaka yako kama mngezaliwa tumbo moja, na hakuna kadhi duniani wa kukuozeni.

Utauliza kwa nini sikusema siku ile walipokuja kuposa. Nimejiuliza hilo kuliko nilivyojiuliza jambo lolote.

Unaikumbuka. Walikuja Bi Asha, mama mdogo wake Idrisa aliyemlea baada ya Bi Mwajuma kufariki, na wazee wawili wa Ng'ambo. Bi Asha hajui lolote, alikuwa akikaa Tabora wakati ule. Mimi nilipolisikia jina la kijana na jina la mama yake, nilihisi kama mtu aliyesikia komeo likipigwa nyuma yake. Nilikuwa natafuta maneno. Kabla sijayapata, mjomba wako Seif akasema sisi tuna ukoo wetu na wao wana wao, na mbegu hazichanganywi ovyo. Alisema kwa sauti ya upole, kama anayewashauri. Wakanigeukia mimi. Nami nikasema, "Hapana." Neno lile lile moja, nikalitia juu ya maneno yake, likashikana nayo kama ile ngozi. Bi Asha akainuka, akajifunga buibui lake, akasema, "Haya. Tumesikia." Nyuma ya pazia mama yako alikuwa amesimama. Nilimwona vidole.

Kisha wewe ukanikuta kwenye ngazi. Nimekuandika neno kwa neno. Ulisema, "Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kuwa mwanakondoo hajulikani kwa baba yake. Leo Idrisa unamtazama rangi?" Ukangoja, ulinipa muda mwingi, nakushukuru kwa hilo. Ukasema, "Basi sababu yako si ya sheria. Na Dar makadhi wapo."

Tangu siku hiyo nna maneno mawili tu kutoka kwako. Asubuhi "shikamoo", na nikikuita, "naam". Unakuja, unasimama mlangoni, unasikia ninalotaka, unaondoka. Heshima yako haina kasoro hata kidogo, na sijapata adhabu kubwa kuliko hiyo. Majirani wananiitikia salamu nusu. Mjomba wako kila akinikuta barazani ananipiga bega, ananambia nimefanya la kiume. Hilo ndilo baya kuliko yote, kupongezwa.

Nilikwenda kwa sheikh, mbali na mtaa wetu, nikamuuliza kama anayemuulizia jirani. Akasema ziwa linaharimisha likifika mara tano, za kushiba, zinazojulikana. Ikiwa ni chini ya hapo, au ikiwa kuna shaka, halijathibiti, ijapokuwa kujiepusha ni bora. Nikarudi nikalifungua daftari hili. Nne. Na ile ya Ijumaa, "kidogo, kalala". Zuwena, mimi niliyepima maisha yangu yote, sikujua kama watu wawili wakatazwe kuoana au waruhusiwe kwa sababu ya neno "kidogo" nililoliandika nikiwa na haraka ya kuwahi msikitini. Nikisema, navunja kiapo, namuumbua mama yako, na huenda nikakutenganisha na mtu aliye halali yako. Nisiposema, huenda ukalala na kaka yako. Nikimwambia Idrisa sikumkataa kwa damu, ataniuliza kwa nini basi. Kila nilikogeuka nilikuta mkono wangu mwenyewe umefunga njia.

Nilimuuliza mama yako. Zilikuwa ngapi? Alisema, "Sikumbuki." Nilimuuliza kila wiki. Jibu lilikuwa hilo hilo, na kila akilisema alikuwa akiondoka chumbani.

Nikueleze pale nilipojifunza, maana nilijifunza halafu nikasahau. Namba kumi na saba alipopevuka alipewa mfugaji mmoja wa Mangapwani, Mzee Makame, awe dume wa kundi lake. Tukamsifia mbele yake kwa karatasi zetu. Mwaka wa kwanza watoto wakatoka vimbaumbau. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Nilipokwenda kukagua akanipokea na kundi zima la vijukuu vyake wakisikiliza: "Bwana Karani, umenipa dume la kondoo au la paka?" Wote wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa najua. Kile kimo cha namba kumi na saba hakikuwa chake, alikopeshwa na jike wa jirani, na asichokuwa nacho hakuweza kuwarithisha watoto. Nikaandika kwenye fomu kwamba malisho ni hafifu, nikapanda baiskeli.

Ilinichukua miaka minne kurudi. Nilimkuta amekaa kizingitini anachambua kunde. Nikamweleza yote, chuchu iliyokufa, ngozi, safu moja. Alinisikiliza bila ya kunikata. Kisha akasema, "Ungenambia siku ile tungecheka zaidi." Akaendelea na kunde zake kitambo, akasema tena, "Kondoo majike wawili nimewachinja, Bwana Karani. Wazuri. Nilidhani wao ndio wanaoiharibu mbegu ya dume lako."

Hakunifukuza. Alinipa madafu. Lakini sikuweza kuyanywa. Nilikuwa nimemwachia aamini habari ya mbegu, na waliolipa ni majike. Nilijiapia njiani, nimefika Mtoni kwa miguu nikiikokota baiskeli, kwamba sitamwacha tena mtu aamini jambo kwa sababu tu mimi nimenyamaza. Nawe unaona nilivyokitimiza kiapo hicho.

Na Bi Mwajuma. Walihamia Ng'ambo wewe ukiwa na miaka mitatu. Yule mama tuliyekuwa tukikutana naye Darajani, mwenye kovu dogo nyusini, aliyekuwa hakosi kukununulia ubuyu, ndiye. Wewe ulikuwa ukimwita Bi Ubuyu. Mama yako alikuwa akikuvuta mkono, mwende mnachelewa. Siku moja Bi Mwajuma aliniuliza, nikiwa peke yangu, wewe una kilo ngapi sasa. Nikamwambia. Akafunga macho kama anayehesabu, akasema, "Mashallah, hajaniangusha." Mimi nilimsikia kama mtu anayetania. Alipofariki nilikwenda kuzika, nikasimama safu ya nyuma kabisa. Idrisa alikuwa mbele, na kanzu iliyompita miguu. Hakuna aliyeniambia niende mbele, na hakuna aliyejua kwamba kwa haki ya ziwa, wewe ulikuwa na mama anayezikwa siku ile na ulikuwa skuli unasoma hesabu.

Sikupi nasaha, mwanangu. Mtu aliyekaa na jambo hili miaka kumi na tisa hana nasaha. Nnakupa yanayojulikana: mara nne, na moja ya shaka. Sheikh yeyote utakayemuuliza, mweleze hivyo hivyo, asije akakwambia baba yako alizidisha au alipunguza. Kwa ajili ya kiapo nimeijua kafara yake. Kesho tangu alfajiri nitaanza kufunga siku zangu tatu, ikiwa nitashindwa kupata maskini kumi wa kuwalisha. Nafikiri nitafanya yote mawili.

Wanaadhini Magharibi. Karatasi naziacha juu ya meza, nitamalizia nikirudi.

*

Nimerudi. Nilimkuta mama yako amekaa kwenye kiti changu, karatasi hizi mkononi na daftari la kijani limefunuliwa mapajani. Taa hakuiwasha. Nilidhani atazichana. Nilisimama mlangoni kama wewe unavyosimama.

Akaweka kidole juu ya ule mstari niliopigia mstari. Akasema, "Hayakurudi."

Nikamuuliza nini.

"Maziwa. Umeandika hapa yamerudi. Hayakurudi hata siku moja."

Sikufahamu mwanzo. Nikamwambia lakini usiku nilikuwa nakusikia unanyonya, nimeandika. Akasema, "Nilikuwa namtia kifuani ili usikie." Na ukilia sana alikunywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, gizani, mimi nimelala. Mchana nikishatoka na bibi yako akishalala, alikuwa akishuka na wewe kwa Bi Mwajuma. Kila siku. Baada ya arubaini bibi yako alirudi kwake, na mama yako akashuka bila ya kujificha, mimi nikiwa kazini, mara mbili, mara tatu kwa siku, mpaka ulipoanza uji. Walikuwa wakikaa pamoja, wewe huku na Idrisa huku, na Bi Mwajuma akimfundisha mama yako kushona. Vile vitambaa vya meza vilivyoko kabatini ndivyo. Alisema hajapata kuwa na rafiki kama yule, na kwamba alipokuvuta mkono Darajani haikuwa ila kwa kuogopa kwamba Bi Mwajuma akikuita "mwanangu" mbele ya watu, yeye hataweza kukataa.

Nikamuuliza kwa nini miezi mitatu hii alisema hakumbuki. Akasema, "Ulikuwa unaniuliza zilikuwa ngapi. Ningekwambia nini? Hazihesabiki."

Basi Zuwena, futa yale niliyoyaandika ya nne na moja ya shaka. Hakuna shaka. Mwaka ule nilikuwa nimetoka kujifunza kwamba uzito wa mtoto wa wiki sita ni wa anayemnyonyesha, na nilikutundika kwenye boriti, nikakusoma sawasawa, nikaandika mama siye. Nilichokuwa nakipima katika mizani ile kilikuwa Bi Mwajuma. Ndiyo maana aliniuliza kilo.

Najua barua hii inakunyang'anya mume. Sitasema inakupa kaka, kwa sababu hukuomba kaka, na leo hutamtaka. Lia utakavyo. Lakini Idrisa yuko Dar es Salaam anaamini amekataliwa kwa sababu ya wazee wake, na hilo haliwezi kungoja mpaka nyinyi wawili mtulie. Barua yake nimeanza kuiandika, na mjomba wako Seif na Bi Asha nitawaendea kwa miguu yangu, kesho, kabla sijafuturu.

Mama yako ameniomba kalamu. Nimempa. Ameandika mwenyewe, katika daftari la kijani, katika ukurasa wa siku uliyozaliwa. Mimi nilikuwa nimeandika pale jina lako, uzito wako, baba, mama. Mbele ya jina lake pamebaki nafasi ya vidole viwili. Ameandika: "na Mwajuma." Mwandiko wake umepanda juu kidogo, lakini unasomeka.

Nimeukata ukurasa huo kwa wembe, mimi ambaye sijapata kuchana ukurasa, nimeukunja ndani ya barua hii. Ni wako, uende nao.

Nilikusudia kuitia barua begini, uisome baharini, mimi niko mbali. Mama yako amesema hapana. Amesema nikupe mkononi, na sote wawili tuwepo. Amekaa hapa kitandani, amefunga mtandio, anangoja.

Nitakuita sasa. Utaitika naam, utakuja, utasimama mlangoni. Safari hii, mwanangu, ingia ndani.

Baba yako,
Salum